Chokaa Katika Kibuyu

Jambo la kwanza kuharibika lilikuwa chumvi.

Doña Eulogia Poot alitafuna tonge la kwanza la maharagwe, akatulia, kisha akamtazama binti yake kama mtu aliyeibiwa mezani pake mwenyewe.

"Landy, hukutia chumvi."

"Nimetia, Mama."

"Umetia wapi? Kwenye sufuria ya jirani?"

Landy akaongeza. Mama akaonja, akatikisa kichwa. Landy akaongeza tena, safari hii ukufi mzima, mbele ya macho ya mama yake asije akasingiziwa. Mama akaonja, akaweka kijiko chini.

"Kama kutafuna kitambaa," alisema.

Landy naye akaonja. Ilikuwa kweli. Maharagwe yalikuwa ya moto, meusi, laini, yakitoa mvuke kama inavyopasa, lakini yalipofika mdomoni hayakuwa kitu. Akauma pilipili, ile ya manjano inayowaliza madereva wa malori. Ikapita ulimini kama karoti iliyochemshwa.

"Kesho nitanunua chumvi nyingine," alisema, kwa sababu alikuwa msomi, na msomi akikosa maelezo hulaumu duka.

Hakutaka kukumbuka kwamba mchana wa siku hiyohiyo mtu mwingine alilalamikia jambo hilohilo, naye akamcheka moyoni.

Siku hiyo alikuwa ametembeza watalii wanane. Landy Tuyub alikuwa na miaka ishirini na sita, shahada kutoka Mérida, tasnifu ya kurasa mia moja na kumi kuhusu sadaka za Wamaya kwa mvua na maji, na kazi ya kuwaonyesha watu choo kilipo. Hivyo ndivyo alivyoieleza mwenyewe alipoulizwa na wenzake wa chuo. Asubuhi aliwapandisha watalii kwenye magofu, adhuhuri aliwashusha pangoni kuogelea, kisha akawapeleka kula, halafu akawarudisha hotelini wakiwa wekundu na wameridhika.

Aliwadharau wote, na alifanya hivyo kwa utaratibu, kila mmoja kwa fungu lake. Siku ile kulikuwa na mzee wa Monterrey aliyetaka kuonyeshwa mahali viumbe wa sayari nyingine walipotua. Kulikuwa na wachumba waliopiga picha mia mbili za magofu na zote zilikuwa picha za nyuso zao. Na kulikuwa na Bibi Odile, Mbelgiji mwenye mkahawa kwao, ambaye kila alipoona maji aliuliza kama ni safi. Aliuliza hata yale ya chupa, ambayo alikuja nayo mwenyewe kutoka hotelini.

Landy aliwapa walichokuja kukitafuta. Aliwaambia kwamba mshindi wa mchezo wa mpira alikatwa kichwa kwa heshima, na kwamba mabikira walirushwa kisimani wakiwa wamevaa dhahabu. Chuoni angepata sufuri kwa sentensi moja tu ya hizo. Juu ya ngazi za mawe hakuna aliyewahi kulalamika kwamba uongo haukutosha.

Pango lilikuwa katika shamba la mama yake, na ndiyo maana Wilberth Medina, mwenye gari, alimvumilia Landy na ulimi wake. Ngazi arobaini na tatu zilishuka kwenye giza la kijani hadi maji yaliyotulia, ambapo mizizi ya mti wa juu ilining'inia kama kamba zilizosahauliwa na mtu. Kutoka kwenye dari ya mawe maji yalidondoka mchana na usiku. Kila siku ya wageni, kabla hawajafika, Doña Eulogia alishuka peke yake na kibuyu cha saka', kinywaji cha mahindi cha wenye maji, wale wasioonekana wanaoyamiliki. Alikiweka juu ya jiwe, akanong'ona kidogo, akapanda. Landy hakuwahi kumsindikiza. Alikuwa ameyasoma hayo kwenye vitabu, na vitabuni hakuna ngazi.

Wiki moja kabla, mama aliteleza kwenye karo la kufulia akavunjika kifundo cha mkono. Alipofungwa plasta alimwita binti yake.

"Sasa ni zamu yako. Chemsha mahindi, Landy. Usitie chokaa. Ya chokaa ni yetu, yasiyo na chokaa ni yao."

"Najua, Mama. Nimeandika hayo."

Kweli aliandika. Ukurasa wa arobaini na moja, pamoja na tanbihi. Lakini saa kumi na moja alfajiri siku ile hakuwa amechemsha kitu, na ndani ya friji kulikuwa na donge la mahindi lililotoka mashineni jana yake, limepikwa kwa chokaa kama mahindi yote yanayoliwa na watu. Landy alilitazama. Akalitazama pia saa. Mahindi ni mahindi, alijiambia, akalikoroga ndani ya maji, akatia asali kidogo ili lionekane jema, akajaza kibuyu.

"Hicho ni nini?" Wilberth aliuliza walipofika pangoni.

"Cha mama. Cha kuweka kule chini."

"Na unakificha? Dada, watu wamesafiri bara zima! Waonyeshe, waimbie, wape wanywe."

"Hiki hakinywewi na watu, Wilberth."

"Kwani kina sumu?"

"Hapana, ila..."

"Basi. Wewe ndiye mwenye shahada, tunga kitu."

Naye akatunga. Alisimama kwenye jiwe, wanane wakiwa wamemzunguka na majaketi yao ya kuokolea maisha, akainua kibuyu na kusema kwa Kimaya, kwa sauti nzito ya kuigiza: "Mwenye maji, njoo ule nasi. Chetu ni chako. Nyumba yetu ni nyumba yako." Ni maneno anayoambiwa mjomba aliyefika kutoka mbali. Aliyachagua kwa sababu yalikuwa mepesi kukumbuka na yalisikika vizuri pangoni.

"Yana maana gani?" aliuliza Bibi Odile, kalamu mkononi.

"Amani," alisema Landy. "Amani kwa wote."

Wakapokezana kibuyu. Bibi Odile aliuliza kama maji yake ni safi, kisha akanywa zaidi ya wenzake. Landy alikunywa wa tisa. Kilichobaki akakimimina juu ya jiwe.

Hapo maji yakaacha kudondoka.

Hayakupungua, yaliacha. Dari nzima ilinyamaza, popo wakanyamaza, na mzee wa Monterrey, aliyekuwa akicheka, alishusha sauti bila kujua kwa nini. Hewa ikaja na harufu ya ukuta uliopakwa chokaa asubuhi hiyo.

"Mbona hayadondoki tena?" aliuliza Bibi Odile.

"Ni kawaida," alisema Landy. Haikuwa kawaida. Alikulia juu ya shimo lile na hakuwahi kulisikia kimya.

Walipokula mchana, Bibi Odile alisukuma sahani yake ya nguruwe wa kuchoma. "Samahani, hakina ladha."

Landy akatabasamu tabasamu la kikazi. Ana mkahawa, alisema moyoni, lakini hana ulimi.

Chumvi mpya haikusaidia, wala ile ya tatu. Siku ya nne Landy alianza kuandika katika daftari, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika. Mama, kilo sitini na nane. Siku ya tisa, sitini na tatu. Siku ya kumi na nne, hamsini na saba. Naye mama alikula. Alikula kuliko zamani, chapati za mahindi kumi kwa mlo mmoja, akiziingiza mdomoni mojamoja kama mtu anayejaza gunia lililotoboka. Zahanati ilimpima sukari, damu na mkojo, ikasema hana kitu. Muuguzi alimshauri ale vizuri.

"Umemsikia?" Doña Eulogia alimwambia binti yake njiani, akishikilia sketi isimdondoke. "Nile vizuri. Kasoma miaka mingapi yule?"

"Mama, usicheke."

"Nicheke nini? Sina nguvu ya kucheka." Kisha akasema polepole, bila kumtazama: "Kuna mtu anakula kabla yangu."

Landy alimshika mkono, akamwongoza kivulini. Yeye mwenyewe alikuwa na mambo ambayo hakuyaandika. Kila adhuhuri, mama akiwa amelala kwenye bembea, alisikia jikoni viganja vikipiga donge la chapati, pa, pa, pa, taratibu na kwa ustadi, na alipoingia hakukuta mtu. Kigoda kimoja kati ya vinne, kile cha baba yake aliyehama zamani, kilikuwa na maji. Alikifuta. Kesho yake kilikuwa na maji tena, duara la maji baridi, na sakafu ya udongo chini yake ilikuwa imelowa hadi kwenye mafiga. Na ile harufu ya chokaa haikuwa tena ya kuja na kuondoka. Ilikaa, kama mtu anavyokaa.

Siku ya kumi na tisa aliamua kutazama. Ilikuwa saa sita kamili, jua limesimama juu ya paa, kuku wamejificha. Alimpakulia mama yake maharagwe, akaweka sahani mezani, akasema anakwenda kumwita, kisha akasimama nje ya ukuta wa fito na kuchungulia katikati ya fito mbili, huku akijiambia kwamba anafanya uchunguzi tu, kama alivyofundishwa, kwamba hakuna kitu cha kuogopa jikoni alimojifunza kutembea. Na mwanzoni kweli hakukuwa na kitu, sahani tu na mvuke uliopanda wima kama uzi, na nje upepo haukuwepo hata wa kutikisa jani, lakini uzi ule wa mvuke ukaanza kuinama, ukainama kama shingo ya mtu anayeitwa, ukalala ubavu juu ya meza na kuelekea kwenye kigoda cha baba yake ambacho hakikuwa na mtu, na ulipofika juu ya kigoda, kwenye kimo cha mdomo wa mtu aliyeketi, haukutawanyika bali uliingia, ulivutwa ndani ya mahali ambapo hapakuwa na kitu, kidogokidogo, bila pupa, bila kelele, kama mgeni mwenye adabu anayejua kwamba nyumba ni yake na chakula hakitamkimbia, na Landy akaona maharagwe yakipauka mbele ya macho yake, kutoka meusi hadi kijivu, hadi rangi ya majivu, mpaka mvuke wa mwisho ulipokwisha na kigoda kikatoa mlio mdogo, mlio wa mbao mtu anapojiegemeza baada ya kushiba.

Kisha mama yake akaingia kwa mlango mwingine, akaketi, akaanza kula yale majivu.

Don Nicanor Canché hakuwa na sura ya mganga. Alitengeneza pikipiki za matairi matatu katika kibanda cha mabati, redio ikipiga kelele, na alipoona kivuli cha Landy mlangoni hakuinua kichwa.

"Ulitia chokaa," alisema.

"Nani kakuambia?"

"Unanuka kama kaburi jipya, binti. Kaa pale, usiguse hizo spana."

Landy alieleza yote, kwa mpangilio, na tarehe. Alisoma uzito wa mama yake kutoka daftarini. Mzee akasikiliza huku akifungua nati.

"Na ulijua?" aliuliza. "Kwamba hayatiwi chokaa?"

"Nilijua."

"Ulijifunza wapi?"

"Niliandika tasnifu."

Don Nicanor akacheka mpaka akakohoa. "Mama yako hajui kusoma na hakuwahi kukosea hata siku moja. Wewe umeandika kitabu! Hongera." Akajifuta mikono. "Sikiliza basi. Anayekula mahindi ya chokaa ni mtu wa mafiga yenu. Wewe ulimpa chakula chenu, kwenye kibuyu kimoja na vinywa vyenu, ukamwambia nyumba yetu ni yako. Alitaka nini zaidi, barua ya mwaliko?"

"Nilikuwa naigiza tu."

"Yeye hakuwa anaigiza."

"Basi mfukuze. Choma majani, fanya mnavyofanya."

"Mgeni mbaya ningemfukuza kwa moshi. Huyu ni jamaa sasa, umemfanya jamaa. Jamaa hafukuzwi, anasindikizwa kwao. Na atasindikizwa na aliyemleta, mchana, kwa njia ileile mliyopita, bila haraka. Mketishe. Mwonyeshe njia. Mwishoni mpe chakula chake halisi, vibuyu kumi na tatu, bila chokaa, bila asali, na usionje. Kisha umwambie wazi kipi ni chake na kipi si chake."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu." Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza, na macho yake hayakuwa na huruma. "Ila wewe yatakushinda. Nimekusikia ukiwatembeza wale watu. Huyu bwana anasikia dharau kama mbwa anavyosikia nyama. Ukimdharau, hata kwa jicho, ukimdharau yeyote njiani, kwake ni harufu moja. Atageuka, atarudi jikoni, na hutampandisha tena kwenye kigoda."

"Na nikishindwa?"

"Atamaliza cha mama yako, halafu ataanza chako. Hana chuki nanyi. Ana njaa tu."

Landy alisimama. Mlangoni mzee akamwita.

"Wengine walikunywa?"

"Wanane. Watalii."

"Wako wapi?"

"Wamerudi kwao. Sehemu mbalimbali."

Don Nicanor akaishika spana muda mrefu bila kuitumia. "Hao siwafikii," alisema, akaongeza sauti ya redio.

"Kigoda?" alisema Wilberth. "Kiti cha mbele nikipakie kigoda?"

"Ndiyo."

"Nina wageni sita wamelipa, dada! Waweke makalio yao wapi, kwenye boneti?"

"Wao watakaa nyuma. Kigoda mbele. La sivyo hakuna pango, Wilberth, leo wala kesho. Shamba ni la mama."

Wilberth akaapa kwa watakatifu watatu, lakini alifungua mlango. Landy alitoka jikoni kinyumenyume, akikibeba kigoda kwa mikono miwili kifuani. Nyuma yake mama alikuwa amelala kwenye bembea, mwembamba kama nguo iliyoanikwa. Kilo hamsini na moja. Asubuhi hiyo hakuweza kukaa.

"Karibu, Bwana," Landy alisema kwa Kimaya. "Kuna kizingiti. Inua mguu."

Kilikuwa na uzito wa kigoda. Alipovuka kizingiti kikawa na uzito wa mtu.

Akakiweka kwenye kiti cha mbele, na sponji ya kiti ikabonyea. Wilberth aliona. Alinyamaza, jambo ambalo hakuna mtu kijijini aliyewahi kulishuhudia, akaendesha gari huku bega lake limebanwa mlangoni, na maji yakimdondokea kwenye kiatu kutoka mahali pasipo na chombo cha maji.

Kwenye magofu jua lilikuwa linachoma. Landy alikibeba kigoda hatua kwa hatua, wageni sita wakimfuata na kunong'onezana, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Alipofika uwanja wa mpira, mdomo wake ulifunguka wenyewe kusema ule uongo wa kila siku, na papo hapo mikono yake ikazidiwa. Kigoda kilivuta chini kama ndoo inayojaa. Akafumba macho.

"Hapa walicheza mpira," alisema, mara moja kwa Kimaya na mara moja kwa wageni. "Nani alikufa na kwa nini, hatujui vizuri. Wengine tunawasingizia. Bwana, wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo. Unisamehe nikikosea."

Uzito ukapungua.

Akaendelea hivyo, jengo kwa jengo, akisema linalojulikana, na pale pasipojulikana akisema halijulikani, na akashangaa kuona ni mahali pengi kiasi gani. Wageni waliacha kunong'ona. Chini ya piramidi alikitua kigoda kivulini apumzike, na hapo kijana mmoja mwenye kofia ya majani na fimbo ya kupigia picha akaja kwa kujinyoosha.

"Kiti hiki kina mtu?"

"Kina mtu," alisema Landy.

Kijana akacheka, akaketi.

Aliruka kama aliyeketi juu ya kaa. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini, midomo imepauka, na akabaki akishika tumbo lake, akilitazama kama mtu aliyetoka nyumbani ameshiba akajikuta na njaa ya siku tatu. Na ndani ya Landy ikapanda ile dharau yake ya zamani, tamu, tayari kabisa, na sentensi ilishafika kwenye meno. Harufu ya chokaa ikamjaa puani. Alisikia mbao za kigoda zikilia, mlio wa mtu anayejiandaa kusimama, na akauona waziwazi mvuke wa sahani ya mama yake ukiinama.

Akaimeza ile sentensi. Ilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki.

"Pole, kaka," alisema, na akahakikisha kwamba anaimaanisha. "Hukujua, na mimi sikukueleza vizuri. Kaa hapa kivulini. Unywe maji, haya hapa yangu. Una mtu wa kukutazama?"

"Nina... mke wangu yuko kule."

"Nitamwita."

Akamwita. Akasubiri mpaka mke akafika. Kisha akageukia kigoda, akainama. "Tumekuchelewesha, Bwana. Twende kwako."

Ngazi arobaini na tatu alizishuka peke yake. Wageni Wilberth aliwazuia juu bila kuambiwa. Pango lilikuwa kimya, hakuna tone, hakuna popo. Kwa kila ngazi alitaja namba yake na kusema angalia hatua, kama anavyoambiwa mzee, na kila ngazi aliyoshuka kigoda kilikuwa kizito zaidi na baridi zaidi, mpaka vidole vyake havikuhisi kitu na alijua kwamba kimeshikwa tu kwa sababu hakijaanguka, na pumzi ya mtu mwingine, pumzi ya mawe yaliyolowa, ilikuwa inampiga shavuni kwa mwendo uleule wa pumzi yake, ikivuta alipovuta, ikitoa alipotoa, kana kwamba kuna mtu anayejifunza namna ya kuwa yeye.

Akakiweka juu ya jiwe. Akapanga vibuyu kumi na tatu alivyokuwa amevishusha alfajiri. Mahindi aliyachemsha mwenyewe usiku wa jana yake, bila chokaa, bila asali, na hakulamba hata kidole.

"Bwana," alisema, na sauti yake haikuigiza kitu. "Nilikudanganya. Nilikuita mezani kwa mzaha, nawe ukaja kwa kweli. Hiki ni chakula chako. Kile ni chetu. Hapa ni kwako. Kule ni kwa mama yangu. Mwachie mama yangu chake. Nakuomba."

Hakuna kitu kilichotokea kwa muda mrefu. Kisha mvuke, ambao saka' iliyopoa haikupaswa kuwa nao, ukapanda kutoka vibuyu vyote kumi na tatu, ukainama kwa pamoja.

Na juu, darini, tone moja likadondoka majini. Halafu la pili.

"Ebo! Unataka kuniua?" Doña Eulogia alisema. Alitema maharagwe kwenye sahani. "Chumvi imezidi! Hii ni bahari au chakula?"

Landy alilia mpaka mama yake akaanza kumcheka. Mama akayala yote hata hivyo, chumvi na maharagwe, akaomba chapati, akaomba pilipili, pilipili ikamtoa machozi. Baada ya mwezi daftari lilisema sitini. Jikoni vilibaki vigoda vitatu, navyo vilikuwa vikavu. Kila siku ya wageni Landy alishuka pangoni mapema, peke yake, na kibuyu alichokipika mwenyewe, na Wilberth hakuuliza tena kitu chochote kuhusu kibuyu hicho.

Barua ya Bibi Odile ilifika baada ya miezi mitatu, katika simu, wakati wa chakula.

"Mpendwa Landy," iliandikwa, "samahani kukusumbua. Tangu turudi, wateja wanarudisha sahani. Nimefukuza wapishi wawili bure. Mume wangu hakuwa safarini, lakini tunakula pamoja, na amepungua kilo kumi na nne. Jikoni kuna kiti kinacholowa, hata tukikihamisha. Nilikumbuka yale maneno yako ya amani. Niliyaandika jinsi nilivyoyasikia, na sasa kila jioni, kabla ya kula, tunashikana mikono, wateja na sisi, na kuyasoma kwa sauti. Watu wanayapenda sana. Lakini nyumba nzima inanuka kama imepakwa chokaa. Tafadhali niambie, nimeyatamka vibaya?"

Chini ya barua hiyo kulikuwa na nyingine ambayo haijafunguliwa, kutoka Monterrey.

Landy aliweka simu chini. Maharagwe mbele yake yalikuwa meusi, ya moto, na mvuke ulipanda wima. Alipojaribu kutafuna hakuweza.

"Kula, mwanangu," alisema mama yake akimsogezea chumvi. "Au leo nayo haikukolea?"

"Imekolea, Mama," alisema Landy. "Hapa imekolea."